Skrini inasema 40.0, baruti yenyewe je?

Wiki ya tatu sasa, kila nikitoka kazini nashuka beisimenti kupima baruti ambayo siijazi popote. Napima, naandika kwenye daftari, narudisha kwenye kopo lake, napima tena. Mama Zawadi ameshaacha kuuliza, siku hizi akipita juu ya ngazi anasikia tu kale kamlio ka mashine piip halafu anaguna.

Basi ngoja niandike niliyoyakuta, maana kuna watu wawili watatu wameniuliza kama hizi mashine za umeme za kupimia baruti kweli zinapima sawasawa au tunauziwa taa na vitufe. Jibu langu refu kidogo, nivumilieni.

Kwanza mlioko nyumbani: hii ni hobi ya huku Marekani. Mi niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, nawinda kulungu wa huku wale wenye mkia mweupe kila Novemba, na huku mtu anaruhusiwa kujijazia risasi zake mwenyewe nyumbani kwa matumizi yake. Bongo kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na sio ya kuchezea, kwa hiyo soma hii kama stori ya mizani tu. Na kweli ni stori ya mizani.

Kujaza risasi ni hivi: unaokota ganda lako ulilokwisha piga, unalisafisha, unalirudisha umbo, unaweka praima mpya chini (kile kidude kinachowasha baruti), unamimina baruti, unakandamiza kichwa juu, yaani ile sehemu inayoruka. Hapo kwenye kumimina baruti ndo penye shughuli, kwa sababu kipimo lazima kitoke kwenye kitabu cha aina hiyo ya baruti na kichwa hicho (sitataja dozi yoyote hapa, fungua kitabu chako), na kipimo chenyewe ni kidogo ajabu. Wanatumia greni. Greni ni punje, asili yake punje ya nafaka kweli, na ratili moja ina greni 7000. Greni moja ni kama miligramu 65. Sasa mashine nyingi kwenye boksi wameandika zinapima kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi ya greni juu au chini, yaani miligramu sita na nusu hivi. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chukua vipunje vitano vya baruti ya vijiti. Vitano tu, ndo hiyo.

Zamani watu walipima kwa ujazo, kile kimashine cha mkono unashusha kishikio kinakata baruti kama mtu anavyopima karanga kwa kikopo. Kwa baruti ya duara, ile laini kama chia, inafanya kazi vizuri sana mpaka leo. Ila za vijiti, kama Varget inayotoka Australia au IMR 4064 yenye vijiti virefu, zinakwama, zinakatwa katikati, unasikia krrk mkononi, mara imejaa mara haikujaa. Anayejua lumbesa ananielewa, gunia ni lile lile lakini kilichomo kinategemea nani kashindilia. Ndo wakaja na mashine ya umeme: kopo la baruti juu, bomba linalozunguka, chini yake mizani yenye kisahani. Unaandika namba, bomba linazunguka haraka mwanzoni, likikaribia linapunguza, mwishoni linadondosha kipunje kimoja kimoja mpaka mizani iseme basi.

Nisisitize hapo, mizani iseme basi. Bomba halijui lolote. Bomba ni mfanyakazi tu, bosi ni mizani, na bosi akidanganywa mfanyakazi atadanganya kwa uaminifu kabisa.

Mi yangu ni ya bei ya kati, sitaitaja jina maana nitakayoyasimulia kosa lake sehemu kubwa lilikuwa langu. Msimu uliopita nilipiga risasi kumi kwa kronografu ya rada, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ya jamaa yangu mmoja Mkenya wa Eldoret, tunamwita Fundi, na mwendo ukawa unaruka ruka vibaya. Nikalaumu maganda, nikalaumu praima, nikalaumu baridi. Fundi akaniuliza, "Bro, uko sure hiyo mashine yako inapima?" Nikamwambia skrini inaandika namba ile ile kila mara. Akacheka. Akasema, "Skrini inaandika vile mashine inaamini."

Akaniazima mizani yake. Hiyo ni mnyama mwingine, A&D FX-120i ya Kijapani, inasoma mpaka elfu moja ya gramu, ukiweka kwenye greni inakwenda kwa hatua za 0.02, na ina kibanda cha plastiki juu kuzuia upepo. Nikaweka mashine yangu itoe 40.0 mara ishirini (nimechagua 40 kwa sababu hesabu rahisi, usije ukadhani ndo dozi), kila ikitoa napeleka kisahani kwa ile ya Fundi naandika. Mashine yangu mara zote ishirini iliandika 40.0. Mizani ya Fundi ilianza na 39.86, ikaja 39.90, halafu ikatulia kwenye 39.98 na 40.00 mara kadhaa, ghafla 40.12, 40.10, halafu tena 39.88. Tofauti ya juu na chini greni 0.26. Nikasema ala.

Sasa ningeishia kukokotoa wastani ningekosa utamu wote, kwa sababu wastani ulikuwa karibu na 40 kabisa, mzuri wa kumwonyesha mgeni. Ila mi nilikuwa nimeziandika kwa mfuatano na muda pembeni, na nilipoziangalia nikaona zinakwenda kwa mawimbi, tatu nne zinashuka, tano sita zinatulia, mbili zinapanda. Kila dakika kumi na kitu hivi. Nikakaa na daftari pale nawaza ni kitu gani kwenye nyumba hii kinafanya kazi kila baada ya dakika kumi na kitu, na huku nawaza nikahisi joto kwenye utosi.

Hita.

Januari Minnesota hita ya nyumba haipumziki, inawaka inapuliza, inazima, inawaka tena. Na tundu lake la hewa pale beisimenti liko kwenye dari juu ya meza yangu kabisa, mi mwenyewe niliweka meza pale nilipohamia kwa sababu panakuwa na joto, nikajiona mjanja.

Halafu fikiria kinachotokea, mana hii ndo sehemu niliyoipenda. Mashine kabla ya kila kipimo inajiweka sifuri kisahani kikiwa kitupu. Ikijiweka sifuri hewa imetulia, halafu katikati ya kumwaga hita ikaanza kupuliza, ule upepo unakandamiza kisahani chini, mizani inaona uzito ambao sio baruti, inasema basi mapema. Unapata pungufu. Ikijiweka sifuri wakati upepo unapuliza, inahesabu upepo kama sehemu ya kisahani, hita ikizima katikati kisahani kinakuwa chepesi, mashine inaongeza baruti kufidia. Unapata zaidi. Na upepo ukiwepo mwanzo mpaka mwisho, au usiwepo kabisa, unapata sawa. Kosa moja linatoa pungufu na zaidi, na skrini imekaa inakuangalia usoni inaandika 40.0.

Nilikumbuka kitu ambacho sijakikumbuka miaka. Tanga, Ngamiani, mama alikuwa akinipeleka kwa sonara akienda kubadilisha heleni au kuuza pete shida ikibana. Yule mzee mizani yake ilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, ya mikono miwili, mawe yake madogo anayashika kwa koleo. Na kabla hajapima, hata dukani kuwe na joto gani, anainuka anazima feni. Kila mara. Mi nilidhani ni ubahili wa umeme! Tunakaa tunatoka jasho, mama anajipepea na khanga, mzee anamwambia mama usijipepee karibu. Miaka thelathini baadaye nimekaa chini ya feni yangu ya gesi na mashine ya dola mia kadhaa nashangaa kwa nini namba zinaruka.

Nikachukua boksi la pampasi nikakata nikaziba tundu. Nikaacha mashine inawaka saa nzima kabla ya kuanza, nikakalibreti upya, yaani kuisahihisha kwa jiwe la uzito unaojulikana, nikarudia ishirini. Safari hii ya chini 39.94, ya juu 40.06. Mashine ile ile. Boksi la pampasi limeondoa zaidi ya nusu ya makosa na Mama Zawadi akapiga kelele kutoka juu, "Baba Zawadi, mbona huku baridi, umegusa hita?" Nikamwambia nimeziba kidogo. Akasema mwanao ana mafua. Nikazibua. Ndo mana siku nyingine napima wakilala.

Kuhusu ile saa nzima ya kuwasha: mizani nyingi za bei ya kawaida ndani yake kuna kipande cha chuma kimebandikwa nyuzi nyembamba, ukiweka uzito chuma kinapinda kidogo sana usikoweza kuona kwa macho, zile nyuzi zinavutika, umeme unapita kwa ugumu zaidi, kompyuta inatafsiri kuwa uzito. Shida ni kwamba joto nalo linafanya chuma hicho na nyuzi hizo zibadilike. Kwa hiyo ukiiwasha ya baridi ukaanza kazi hapo hapo, inajipasha moto yenyewe ndani huku unapima, na sifuri inatembea. Ile ya Fundi haitumii kupinda, inatumia sumaku. Kuna koili kwenye sumaku, ukiweka uzito mizani inapeleka umeme kwenye koili mpaka kisahani kirudi pale pale kilipokuwa, halafu inapima imetumia umeme kiasi gani kukishikilia. Inashindana na uzito badala ya kuinama. Ndo mana ina kasi na haipotezi sifuri ovyo, na ndo mana ukiifunga na kile kidondoshi chake cha AutoTrickler bei inavuka dola elfu moja.

Katikati hapo kuna hizi mpya kama MatchMaster ya RCBS, wao wanaandika 0.04 greni kwenye modi ya mechi, inakwenda taratibu zaidi. Sijawahi kuimiliki kwa hiyo siisemei.

Kitu kingine kimenichekesha ni hii tabia ya mizani rahisi, ziko zimewekewa programu ya kujirudisha sifuri zenyewe zikiona mabadiliko madogo ya polepole, zinadhani ni sifuri inatembea. Sasa we mwenyewe umekaa na kijiko unadondosha kipunje kimoja, unasubiri, kimoja, unasubiri, na mizani inasema huyu sio baruti huyu ni joto, inafuta. Unadondosha vipunje vinne namba haijasogea, cha tano inaruka mbili kwa mpigo. Dawa yake ni kuinua kisahani na kukirudisha, inapima upya kwa ukweli. Nimeona watu wanabishana saa nzima kuhusu mizani kumbe wanapimwa akili na programu.

Na kuinua kisahani kuna faida ya pili, hii nimefundishwa na mzee mmoja pale uwanja wa shabaha, mzungu wa miaka themanini na kitu ambaye bado anatumia mizani ya mkono na hataki kusikia habari ya umeme. Ukishaweka kisahani na kubonyeza sifuri, ukikiinua skrini inaandika namba ya hasi, ambayo ndo uzito wa kisahani. Yangu inaandika hasi 153.2. Nimeiandika kwa maka pembeni ya mashine. Kila nikiinua kisahani kumimina ganda natupa jicho, nikikuta 153.2 safi, nikikuta 153.4 najua sifuri imehama, kile nilichokipima nakirudisha koponi. Haigharimu kitu, haichukui hata sekunde, na inafanya kazi kwa kila kipimo, sio mara moja asubuhi.

Halafu mawe. Mashine inakuja na mawe yake ya kukalibreti, mawili ya gramu 50 kwa hii yangu, na mtu akishakalibreti anaona kamaliza. Lakini gramu 50 ni greni zaidi ya 770, we unapima arobaini. Nilinunua jiwe la gramu 20 na madogo yake, la daraja wanaloita M1, ambalo linaruhusiwa kupotoka miligramu 2.5, yaani 0.04 ya greni. Ya daraja la F1 linaruhusiwa robo ya miligramu tu, lakini bei nikaona basi. Nyumbani kuna Wakala wa Vipimo wanapita madukani na mihuri yao, huku beisimenti kwangu Wakala wa Vipimo ni mimi. Jiwe usilishike kwa vidole, mafuta ya mkono yana uzito. Kama huna jiwe kabisa chukua sarafu ya senti tano ya Marekani, ya gramu 5, ila usiitumie kukalibreti maana sarafu zinatofautiana na zinachakaa, itumie kama shahidi: iwe ile ile moja kila siku, andika inasoma ngapi, kesho ikisoma tofauti uliza kwa nini.

Kulikuwa na jioni moja namba zilicheza ovyo na hita nimezima. Nikazunguka meza nzima. Mwisho nikakuta Zawadi kaacha tableti yake inachaji nyuma ya mashine. Nikaihamisha, kimya. Simu nayo hivyo hivyo, meseji ikiingia namba inaruka. Na ule umeme wa kusuguana wa msimu wa baridi, hewa huku Januari kavu mpaka midomo inapasuka, ukivua sweta giza unaona cheche, basi vipunje vya baruti vinanata kwenye faneli, kwenye ukuta wa kisahani, vingine vinaruka vyenyewe kama viroboto. Mashine imepima 40.0 sawa kabisa halafu vipunje vitatu vimebaki kwenye faneli, utamlaumu nani. Nafuta faneli na kile kitambaa cha kwenye mashine ya kukaushia nguo, na nimeleta kile kidude cha kutoa mvuke nimekiweka mbali na meza. Inasaidia.

Hili lingine halina faida kwa mtu yeyote ila lazima niliseme kwa sababu nililala saa nane usiku kwa ajili yake. Mizani ya umeme haipimi kiasi cha kitu, inapima dunia inakivuta kwa nguvu gani. Na dunia haivuti sawa kila mahali, karibu na ikweta inavuta kidogo kidogo kuliko huku kaskazini. Nikapiga hesabu ya Tanga na Minneapolis: tofauti ni kama robo ya asilimia moja. Yaani ukikalibreti mizani Minneapolis, ukaifunga ukaibeba mpaka Tanga ukapima kile kile cha greni 40 bila kukalibreti upya, itakusomea 39.9. Sehemu moja ya kumi yote imeliwa na safari! Ile ya sonara ya mikono miwili haina tatizo hilo, maana dunia ikipunguza kuvuta dhahabu inapunguza kuvuta na mawe pia. Yule mzee wa uwanja wa shabaha nilipomwambia hivyo alifurahi kama nimempa kuku.

Haya, swali la pesa. Inafaa kununua ya elfu moja?

Nilirudi uwanjani na risasi zilizopimwa baada ya boksi la pampasi. Kwa bunduki yangu ya .308 sehemu moja ya kumi ya greni inabadilisha mwendo futi tano hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ile 0.26 ya mwanzo ilikuwa inaniruka futi kumi na tatu kati ya ya chini na ya juu. Sikia vizuri sasa, kwenye yadi 100 futi kumi na tatu hizo hutaziona, tundu litakuwa lile lile. Kulungu wangu wote nimewapiga ndani ya yadi 150. Kwenye yadi 1000 ndo hadithi nyingine, futi kumi tu zinaisogeza risasi ya .308 inchi tatu mpaka nne juu au chini, na wale wa F-Class, mashindano ya shabaha za mbali, wanapiga shabaha ambayo duara la kumi lina upana wa inchi 10 na lile la ndani kabisa inchi 5. Huyo kwake vipunje viwili ni pointi. Fundi ndo mchezo wake huo, kwa hiyo mizani yake ameilipia kwa haki.

Lakini hata hapo kuna hesabu watu wanaikwepa. Makosa hayajumlishwi kama pesa, yanajumlishwa kwa vipeo. Tuseme mambo mengine yote, praima, ukubwa wa ndani wa ganda, shingo ilivyobana kichwa, yanakuletea mtawanyiko wa futi 10. Baruti yako ya mashine ya kawaida inaleta futi 2 na nusu. Kumi mara kumi ni mia, mbili na nusu mara yenyewe ni sita na robo, jumla mia na sita na robo, kipeuo chake cha pili ni 10.3. Ukinunua mizani ya malaika isiyokosea hata kipunje, utatoka 10.3 utafika 10. Umetoa dola elfu moja kununua sehemu tatu za kumi za futi. Aliyekwisha kunyoosha maganda yake na praima zake mpaka akabaki na futi 4, huyo kwake ile mbili na nusu inaonekana, anunue. Mi maganda yangu nusu nimeokota uwanjani, nitanunua nini?

Kwa hiyo sikununua. Nilichofanya nilihamisha meza. Imekaa sasa kona ya mbali chini ya ngazi, baridi navaa koti, nimeweka kipande cha zege chini yake isitikisike mtu akishuka, na juu ya mashine nimegeuza kontena la plastiki la kutunzia unga nililokata mlango mbele. Kwenye mdomo wa bomba nimechomeka kipande cha mrija wa soda, ujanja wa zamani sana huo, unapunguza mdomo vipunje vinatoka vichache vichache badala ya kuanguka fungu mwishoni. Mashine ikizidisha, na bado huzidisha mara moja moja, inapiga mlio wake na mi narudisha chote, sipunguzi kwa kibano kama wanavyofanya wengine. Na nikimaliza namwaga baruti yote irudi kwenye kopo lake lenye jina, hata kama kesho naendelea, kwa sababu kesho naweza nikasahau ni ipi iliyomo na hapo usahihi wa sehemu ya kumi hauna maana tena. Halafu kuna baruti zinazokula plastiki ya lile kopo la juu zikikaa, utaona limekuwa na ukungu.

Juzi usiku Mama Zawadi ameshuka mwenyewe. Nikadhani ni kesi ya hita. Kumbe ameshika bangili yake, ile ya harusi, mamake aliinunua Tanga kwa sonara kama tola moja, na kila siku dada yake anamwambia mlipunjwa. Akasema, "Baba Zawadi, hiyo mashine yako inayopima vumbi si ipime na hii." Nikatafuta kisahani kipya safi maana kile kina mabaki ya kazi. Na tola moja, sijui kama mnajua, ni greni 180 kamili, kwa hiyo hakuna hata kubadilisha kitufe. Akaiweka mwenyewe taratibu. Skrini ikafikiri ikafikiri ikaandika 178.9.

Akaniangalia. Nikamwambia usiseme kitu bado, rudi nyuma kidogo usipumulie hapo, ngoja nikazime hita tupime tena.